Mgeni Asiyelala: Namna ya Kuipokea Haibiskasi Nyumbani na Kuipiga Picha

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Haibiskasi ni mgeni wa namna nyingine. Anafika alfajiri, anashinda kutwa na nguo yake nyekundu, na adhana ya magharibi ikisikika ameshaanza kufunga virago. Siku ya pili haioni, sembuse ya tatu. Kwa hiyo jembe ni lako wewe mwenyeji, tena ulishike miezi mitatu kabla mgeni hajabisha hodi.

Nayaandika haya nikiwa Tanga, mji ambao huwezi kukata mitaa miwili bila kupita ukuta wa haibiskasi. Lugha yetu yenyewe imeliona jambo hili: ua la kutazama na ua wa kuzungushia nyumba tunavitamka sawasawa, na haibiskasi ndiyo inayofanya kazi zote mbili. Ila kwa kuwa ipo kila mahali, watu wanaipita kama wanavyoipita nguzo ya umeme. Keki ya siku ya kuzaliwa inapigwa picha arobaini kabla ya kukatwa. Ua ambalo kesho halipo halipigwi hata moja. Jambo hili linaniuma, na ndiyo sababu ya mwongozo huu.

Kwanza ujue unamkaribisha nani. Lile jekundu la kawaida, lenye petali tano na mkonga uliochomoza katikati, ndilo ambalo mtaalamu wa mimea Linnaeus aliliandika mwaka 1753 kwa jina Hibiscus rosa-sinensis, yaani waridi la China. Malaysia wamelifanya ua la taifa tangu 1960. Ni ndugu wa bamia, wa pamba na wa choya tunayopikia juisi. Ukitaka kuhakikisha, litazame ua la bamia asubuhi, utaona sura ya ukoo. Lakini pwani yetu ina la kwake, na hapa naomba unisikilize vizuri. Hibiscus schizopetalus asili yake ni misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania. Ua lake halisimami, linaning'inia kwenye kikonyo chembamba kirefu, petali zimechanikachanika na kupinda juu kama lesi iliyokunjwa, na mkonga unashuka chini kabisa, ukicheza kila upepo unapopita. John Kirk, aliyekuwa konseli wa Uingereza Zanzibar, alilipeleka kwenye bustani ya mimea ya Kew, Uingereza, na mwaka 1880 mtaalamu wa mimea Joseph Hooker akalichapisha kwa jina hilo. Baadaye wakulima wa maua, wakiwemo wa Hawaii, walilizalisha pamoja na lile la China, wakapata mengi ya yale makubwa ya kisasa ambayo leo tunayanunua kwa bei ya juu yakiwa yametoka mbali. Damu ya Pwani imo ndani yake. Kama una nafasi ya mche mmoja tu nyumbani kwako, nakushauri uwe wa hilo la Pwani.

Sasa mahali pa kupanda. Karibu kila mtu anaanza kwa kuuliza udongo. Mimi nasema anza na njia. Ua linaloishi siku moja usilipande nyuma ya nyumba ambako unakwenda Jumapili kwa Jumapili; utakuwa unazika maiti tu, huoni uhai. Lipande pale unapopita kila asubuhi bila kutaka: njia ya bombani, dirisha la jikoni, mlango wa kutokea kwenda kazini. Kisha, kabla hujagusa jembe, simama hapo saa moja asubuhi na simu mkononi. Elekeza kamera pale ambapo ua litakuwa, kwenye kimo cha kifua, utazame kuna nini nyuma yake. Tangi la maji? Dishi la king'amuzi? Kamba ya nguo na shuka la jirani? Sogea hatua mbili, utazame tena. Ukipata ukuta wenye kivuli au kijani kibichi cha mgomba nyuma, na jua likija kutoka ubavuni, weka jiwe hapo. Hilo ndilo shimo lako. Nimeona watu wakihangaika miaka na picha zenye tangi jeusi la lita 2,000 nyuma ya ua, wakati dawa ilikuwa hatua mbili siku ya kupanda.

Jua linahitajika saa sita hivi kwa siku. La asubuhi ni bora kuliko la alasiri, maana jua la saa tisa mchana wakati wa kaskazi linaipausha petali na kuifanya inywee mapema.

Udongo wa pwani una tabia yake. Ukiwa juu ya matumbawe, chokaa ni nyingi, na chokaa inaifungia mizizi madini ya chuma. Utaiona dalili kwenye majani machanga: jani limekuwa la manjano, lakini mishipa yake imebaki kijani, kama ramani ya mito. Wengi wakiona hivyo wanakimbilia kumwaga urea. Urea haiponyi ugonjwa huo. Chimba shimo la sentimita 60 kwenda chini na 60 kwa upana, toa vipande vya matumbawe, jaza udongo wa juu uliochanganywa na debe la samadi iliyoiva na mboji. Juu tandaza makumbi ya nazi, ambayo Tanga hayauzwi, yanaokotwa. Majivu ya jikoni yapeleke kwingine, kwa sababu yanaongeza alkali ileile ya chokaa unayoikimbia. Pakiwa mwamba mtupu, panda kwenye ndoo ya rangi ya lita 20 iliyotobolewa chini, na maisha yataendelea.

Kwenye mbolea naomba usome mfuko. Namba tatu zilizoandikwa ni naitrojeni, fosfati na potashi, kwa mpangilio huo. Haibiskasi inataka ya tatu iwe kubwa na ya katikati iwe ndogo. DAP, ambayo kila duka la pembejeo litakupa ukisema unataka mbolea ya kupandia, ina asilimia 46 ya fosfati. Imetengenezewa mashamba ya mahindi. Ukiimwaga kila wiki kwenye haibiskasi ukidhani unaipendelea, unaidhulumu. Kijiko kikubwa kimoja cha mbolea yenye potashi kila mwezi, mbali na shina, juu ya udongo uliokwisha kumwagiliwa, kinatosha mti wa kimo cha mtu.

Mche usiununue kwa kusikia. Niliwahi kuuziwa mche kando ya barabara nikiapiwa kwamba ua lake ni la manjano. Niliulea miezi minane. Lilipofunguka lilikuwa la waridi, zuri kweli, lakini silo nililolitengenezea ukuta mweupe nyuma. Tangu siku hiyo napanda vipandikizi vya mti niliouona kwa macho yangu ukiwa na ua. Unabisha hodi kwa mwenye nyumba, unasalimia, unaomba kijiti. Sijawahi kunyimwa.

Kijiti chenyewe kichague kwa makini. Usichukue ncha laini iliyo kijani, itaoza. Usichukue shina la kahawia lililokomaa, litachelewa. Lipo tawi la kati, unene wa penseli, ganda limeanza kubadilika rangi lakini ukilipinda bado linakubali. Kata sentimita 15, mshazari, chini kidogo ya kifundo. Pukutisha majani ya chini, bakiza mawili ya juu, na hayo mawili uyakate nusu kwa mkasi ili yasinywe maji kuliko kijiti kinavyoweza kuleta. Chomeka theluthi moja kwenye kiriba cha mchanga na mboji, mwagilia, funika na chupa ya maji iliyokatwa kitako, weka chini ya mwembe. Kisha uache. Usikichomoe kila Ijumaa kuangalia kama kimetoa mizizi. Kila unapokichomoa unakikata ile mizizi uliyokuwa ukiitafuta. Wiki ya sita au ya nane kitachipua jani jipya, na jani hilo likikaa, mizizi ipo.

Kupogoa ndiko kunakopanga tarehe ya mgeni. Haibiskasi hutoa ua kwenye tawi jipya, na kutoka mkasi hadi ua ni miezi miwili mpaka mitatu. Hesabu ni rahisi: kama unataka matumba mengi Januari, wakati wa kaskazi, joto limepanda na majani ya uwanjani yamekauka, shika mkasi mwezi wa Oktoba, mvua za vuli zinapoanza. Ondoa theluthi moja ya kimo, usizidishe. Kata juu kidogo ya kifundo kinachotazama nje, ili tawi jipya liende nje na katikati ya mti pabaki na hewa. Anayepogoa Desemba kwa sababu wageni wa sikukuu wanakuja anakata maua yake mwenyewe yakiwa bado tumboni.

Matumba yakianza kudondoka kabla ya kufunguka, usikasirike na mti. Mara nyingi umeuacha ukauke siku nne, kisha ukaumwagia ndoo tatu kwa majuto. Chomeka kidole kwenye udongo mpaka kifundo cha pili. Kikitoka kikavu, mwagilia taratibu mpaka maji yazame, kikitoka na udongo ulioganda, subiri kesho. Na maji ya kufulia yenye dawa ya kung'arisha nguo nyeupe yapeleke mtaroni. Kama maji hayana kosa, pasua tumba lililoanguka kwa ukucha. Ukikuta vibuu ndani, okota yote yaliyoanguka, yafunge kwenye mfuko wa plastiki, yaache juani yachemke.

Adui mkubwa ni kidung'ata. Geuza jani la juu kabisa karibu na tumba, utazame pale linapoungana na kikonyo. Utaona kitu kama pamba iliyosahaulika, na juu yake chungu wanapanda na kushuka kwenye mstari, kila mmoja na safari yake. Chungu hawali ua. Wanalinda kidung'ata ili wanywe utamu anaoutoa, wanamhamisha tawi hadi tawi kama mchungaji anavyohamisha mbuzi. Ukiua vidung'ata ukaacha njia ya chungu, baada ya wiki mbili utaanza upya. Chukua mswaki mzee na maji ya sabuni, sugua pale pamba ilipo, kisha fuata mstari wa chungu hadi chini na uuvunje. Mwarobaini nao unasaidia: ponda majani, loweka usiku kucha, chuja, ongeza sabuni ya maji kidogo, nyunyiza jioni. Jioni, kwa sababu jua linaunguza majani yaliyolowa dawa, na kwa sababu nyuki wamekwisha kurudi mzingani. Ua lililo wazi usilinyunyizie kitu chochote.

Basi mgeni amefika. Ni Januari, saa moja kasoro, mti umebeba maua manane. Chukua simu, na kabla ya lolote futa lenzi. Simu imelala chini ya mto, imekaa mfukoni na funguo, imeshikwa na mkono uliotoka kwenye maandazi. Ukungu unaouona kwenye picha zako na kudhani ni kamera ya bei rahisi ni mafuta ya vidole. Ncha ya kanga safi ya pamba inatosha.

Nyekundu ndiyo inayowashinda wengi. Ua ulilolitazama lina mishipa, lina kivuli shingoni, petali zake zina mikunjo kama hariri iliyovuliwa sasa hivi. Kwenye picha limekuwa doa moja, kama kifuniko cha ndoo. Sababu ni hii: kamera inasoma nyekundu, kijani na bluu kila moja peke yake. Kwenye ua jekundu, nyekundu inajaa mpaka pomoni wakati nyingine mbili bado ziko chini, na simu ikiona hivyo inadhani kuna giza, inaongeza mwanga. Nyekundu inafurika na alama zote zinazama. Gusa petali kwenye kioo, alama ya jua ikitokea ivute chini mpaka uone mishipa imerudi. Picha itaonekana imefifia kidogo ukiwa nje, iache hivyohivyo. Kwa ua jeupe fanya kinyume, pandisha kidogo, la sivyo litatoka la kijivu kama kanzu iliyofuliwa na suruali.

Saa za kupiga ni kuanzia saa moja mpaka saa mbili na nusu asubuhi. Jua bado liko chini, linapita ndani ya petali badala ya kuipiga usoni. Jaribu kusimama ili ua liwe kati yako na jua: petali inawaka kama taa ya chemni, na kila mshipa unahesabika. Upepo nao wakati huo bado umetulia. Ukishapita saa nne, kaskazi inaanza kutikisa matawi na jua linaelekea utosini. Ukilazimika kupiga mchana, mwombe mtoto ashike kanga nyeupe juu ya mti kama hema. Kivuli hicho laini kinaokoa picha. Flashi izime, leo na siku zote.

Kingine ni ule mkonga. Unachomoza kuelekea kwako, na ukikaribia sana simu haiwezi kuonyesha ncha na petali vyote kwa usahihi. Watu wanaisukuma simu mpaka inakaribia kugusa ua, picha inakuwa ukungu mtupu, wanalaumu simu. Rudi nyuma kiasi cha mkono mmoja, vuta kwa kukuza mara mbili, kisha amua. Ama uguse zile stigma tano zilizo nchani, duara ndogo za mahameli nyekundu, na uache petali zilainike nyuma. Ama uzunguke ubavuni upige mkonga wote kwa urefu wake, chavua ya manjano ikiwa imesimama kwenye vijiti vyake kama punje za mtama. Ile programu ya kutia ukungu nyuma ya mtu usiitumie hapa, inakata vijiti hivyo ikidhani ni takataka. Kwa lile la Pwani linaloning'inia, piga magoti, uende chini yake, upige ukitazama juu. Ukisimama utapata mgongo wa ua tu. Tawi likicheza, libane kwenye mti wa jirani kwa kibanio cha nguo, nje ya fremu.

Umande wa chupa ya kunyunyizia siupendi. Matone yake yanalingana yote, yametapakaa kila mahali sawasawa, na jicho linaujua uongo huo. Siku ya mvua ya alfajiri toka nje na mwavuli. Tone la kweli linakaa pale linapotaka, kwenye ukingo uliopinda, na ndani yake utaiona nyumba yako yote kichwa chini.

Asubuhi moja mwezi wa Februari nilikuwa nimechuchumaa hivyo nikisubiri jua litoke nyuma ya mnazi. Chozi akaja, yule ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda. Hakuingia kwa mlango. Alitua juu ya kikonyo, akakitoboa kitako cha ua kwa pembeni, akanywa asali, akaruka kwenye la pili. Nilipata picha mbili: moja ni mkia, nyingine ni yeye mzima, mdomo umezama, na tone la maji linaanguka kutoka kwenye petali iliyotikisika. Baadaye niliyatazama kwa karibu maua yote manane yaliyokuwa mtini asubuhi hiyo. Matano yalikuwa na tundu dogo kitakoni, mahali palepale. Nimeishi na haibiskasi tangu utoto, tumeponda majani yake kwenye kopo mpaka yakawa mlenda, tukapuliza mapovu kwa bua la mpapai, tumefyonza utamu wa kitako hichohicho, na tundu la chozi sikuwahi kuliona mpaka siku nilipokuwa nimetulia kimya na kamera.

Ukibahatika kupata Hibiscus mutabilis, lipe siku nzima. Asubuhi ni jeupe, mchana linaona haya, jioni limekuwa jekundu, ua lilelile. Piga saa moja, saa saba na saa kumi na moja, ukisimama alama ileile chini, na picha tatu uziweke sambamba.

Mchana, kama wageni wako wa kawaida wanakuja, chuma maua mawili matatu uweke mezani. Huna haja ya maji wala chombo. Haibiskasi iliyochumwa asubuhi inabaki wazi kavukavu mpaka jioni kama iliyo mtini, na ndiyo siku yake ilivyo popote ilipo.

Jioni, kabla hujafunga mlango, pita kwenye mti mara moja. Tafuta tumba lililorefuka nje ya kikombe chake, limejisokota kama kilemba, na ncha imechungulia rangi. Hilo ni la kesho. Geuza tawi lake taratibu liutazame upande wa mashariki, ondoa jani kavu lililolala mbele yake, na uache simu yako kwenye chaji.